Mizani Haisomi

Mkimbiaji wetu akimaliza wa pili kwenye Olimpiki, redio inatangaza amepata fedha. Mwezi ukiisha na landilodi akigonga mlango, naye anataka fedha. Neno ni lile lile. Tulilitoa kwa Kiarabu, na kule lilikuwa jina la madini meupe yanayong'aa kabla halijawa jina la hela. Wafaransa nao wako vivyo hivyo: argent ni madini, argent ni pesa ya kununua mkate.

Hiyo maana mbili ndiyo shida ya kila chombo cha fedha kilichowahi kutengenezwa. Chungu cha udongo kikivunjika, kimeisha. Kikombe cha fedha ni kikombe, lakini pia ni pesa iliyotiwa mkono na mdomo. Siku shida ikiingia nyumbani, mkono na mdomo vinapotea na pesa inabaki. Kwa hivyo historia ya vyombo vya kale vya fedha, vile vya kulia na vya kunywea, kwa kiasi kikubwa ni historia ya vitu ambavyo havipo tena.

Mimi ninaiandika kutoka Lucky Summer, mtaa ambao hakuna mtu huutaja kwenye stori za vitu vya kale. Tuko Ruaraka, tumebanwa kati ya viwanda vya Baba Dogo na Korogocho, na ng'ambo ya Mto Nairobi kuna jaa la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970, likatangazwa limejaa 2001, na hadi leo malori bado yanamwaga. Hapa kila kitu kina bei ya kilo. Sufuria ina bei ya kilo, waya una bei ya kilo, betri ya gari ina bei ya kilo. Ukitaka kuelewa kwa nini kitu cha fedha huokoka ama hupotea, sidhani kuna mahali pazuri pa kusimama kuliko mbele ya mizani ya yadi ya vyuma kuukuu. Lakini kwanza turudi Pwani, juu huko ndiko madini na neno viliishi nyumba moja.

Karne ya 19, biashara ya Zanzibar, Mombasa na Lamu ilihesabiwa kwa riale, sarafu ya fedha yenye uso wa Maria Theresa, mtawala wa Austria. Mama huyo alikufa 1780, lakini sarafu yake iliendelea kugongwa kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye, bado ikiwa imeandikwa 1780. Wafanyabiashara wa Ethiopia, Arabuni na pwani yetu walikuwa wamezoea uso ule na hawakuutaka mwingine. Kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, na katika sehemu 1,000 za sarafu, 833 zilikuwa fedha halisi.

Sonara wa Pwani hakuwa na mgodi. Malighafi yake ilikuwa hiyo sarafu. Mtu alifika na riale zake, zikapimwa mbele yake, zikatiwa motoni, zikafuliwa. Zilitoka zikiwa bangili, au chetezo cha kufukizia udi, au mrashi, kile chombo chenye shingo ndefu cha kuwanyunyizia wageni marashi kwenye harusi na maulidi. Aliyeona mrashi mezani aliona adabu ya nyumba. Mwenye mrashi alijua zaidi: alijua umeingia riale ngapi. Ilikuwa akaunti ya benki inayonukia.

Na akaunti ya benki ipo ili itolewe. Mavuno yakikataa, chombo kinasafisha deni. Msichana akiolewa na mtindo umebadilika, bangili za nyanya zinayeyushwa zifuliwe upya. Kwa hivyo mrashi unaouona leo nyuma ya kioo cha makumbusho huenda ndani yake mna bangili za watu watatu waliokufa kabla haujafuliwa. Fedha haikumbuki ilikuwa nani jana. Ndiyo sababu chombo chenye umri wa miaka 300 ni nadra hata mahali ambapo fedha ilitumika kwa karne nyingi.

Usidhani hii ni stori ya watu wa zamani peke yao. Kombe la Dunia la kwanza, Jules Rimet, lilikuwa la fedha iliyopakwa dhahabu. Brazil walipolichukua mara ya tatu 1970, wakapewa walihifadhi milele. Desemba 1983 likaibwa Rio de Janeiro na halijaonekana tena. Wengi wanaamini liliyeyushwa. Kikombe kilichoinuliwa na mabingwa, kilichotazamwa na dunia nzima, na mwishowe mtu akakiangalia akaona gramu tu.

Sasa tupande na reli hadi Nairobi.

Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896 na ikafika hapa 1899, wakati hapa palikuwa kinamasi na mahema. Mwanzoni abiria walishuka Voi kula, treni ikiwangoja. Baadaye yakaja mabehewa ya chakula, na pamoja nayo vyombo: vijiko, uma, mabuli ya chai, vikombe vya maziwa, vyote vikiwa na rangi ya fedha na vikiwa vimegongwa herufi za shirika.

Hizo herufi ni kalenda, ukijua kuzisoma. Uganda Railway lilikuwa jina la kwanza. Miaka ya 1920 ikawa Kenya and Uganda Railway. Mwaka 1948 Tanganyika iliunganishwa na jina likawa East African Railways and Harbours, kwa hivyo EAR&H. Mwaka 1969 bandari zikapewa shirika lao, ile H ikaanguka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na shirika lote likagawanywa. Kwa hivyo mtu akikuonyesha kijiko kilichoandikwa EAR&H, ameshika kitu kilichoagizwa kati ya 1948 na 1969, cha nchi tatu zilizokuwa zinakula kutoka kabati moja.

Si zote zilikula, lakini. Daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili Wahindi kwa wingi, na la tatu ndilo lilikuwa letu: benchi la mbao, na mayai ya kuchemsha unanunua dirishani kwa kina mama stesheni. Mwafrika aliyeingia behewa la chakula aliingia amevaa kanzu nyeupe, amebeba sinia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa pia kwenye mahoteli na kwenye klabu kama Muthaiga, iliyofunguliwa usiku wa kuamkia 1914. Kila kikombe kilikuwa na watu wawili: aliyekinywea na aliyekisugua. Vitabu vina majina ya wa kwanza.

Na fedha ile ile, ikiwa mfukoni badala ya mezani, ilimwaga damu mjini humu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya fedha duniani ilipanda, na rupia tuliyoitumia ilikuwa sarafu ya fedha. Zamani rupia 15 zilitoa pauni moja. Ghafla rupia ikawa na thamani kubwa kuliko hapo, na 1920 London ikaifunga kwa shilingi 2 za Uingereza, yaani rupia 10 kwa pauni. Walowezi waliokuwa na madeni ya rupia wakalia kwamba madeni yamepanda. Mwaka 1921 shilingi mpya ikaingia, na mwaka huo huo walowezi wakakubaliana kupunguza mshahara wa Mwafrika kwa thuluthi moja. Kijana mmoja aliyefanya kazi ya simu pale Hazina, Harry Thuku, akaanza kukusanya watu. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulijaa nje ya kituo cha polisi, Muthoni Nyanjiru akawaaibisha wanaume waliotaka kurudi nyumbani, na risasi zikaanza. Hesabu ya serikali ilisema walikufa 21. Simulizi nyingi zinasema walowezi waliokuwa kwenye baraza la Norfolk, hapo karibu, nao walipiga risasi. Weka glasi chini, chukua bunduki.

Kuhusu ile shilingi ya 1921: robo yake tu ilikuwa fedha. Kufika 1948 hata hiyo robo ilitolewa, ikawa shaba na nikeli. Tuliendelea kuiita fedha. Neno lilibaki, madini yakaenda.

Vyombo vya reli navyo vilikuwa na siri kama hiyo, na siri yenyewe imeandikwa chini yao. Mwaka jana kwenye yadi moja hapa mtaani niliona buli limelala juu ya rundo la mabomba ya bafu. Lilikuwa jeusi kabisa, juu fedha ikikutana na salfa iliyo hewani hubadilika rangi, na hewa yetu na moshi wa Dandora unaijua. Msee wa yadi alikuwa ameshalipitishia sumaku, halikushika. Akachukua tupa akalikwaruza pembeni, ikatokea rangi ya njano kidogo. Basi: brasi. Akalirusha kwenye gunia la brasi na kuendelea na kazi. Niliomba kuligeuza. Chini kulikuwa na herufi nne, EPNS, kisha A1.

Wengi mtaani wanaamini EPNS ni alama ya fedha safi. Ni kinyume chake. Maana yake ni nikeli-silva iliyopakwa fedha kwa umeme, ufundi ambao kampuni ya Elkington ya Birmingham iliusajili 1840. Nikeli-silva yenyewe, pamoja na jina lake la kujisifu, haina fedha hata chembe: ni shaba, nikeli na zinki. Fedha ni ile ngozi ya juu tu. A1 inadai kwamba ngozi imepakwa nene kiasi. Chombo cha fedha halisi cha Uingereza kina alama tofauti, ndogo kama punje za mchele, zimepangwa mstari: simba anayetembea, maana yake sehemu 925 kwa 1,000 ni fedha, kisha alama ya mji kilipopimwa, nanga ikiwa Birmingham, kichwa cha chui ikiwa London, taji ikiwa Sheffield ya zamani, na herufi moja ya alfabeti inayotaja mwaka. Ukimuona simba, simama. Ukiona EPNS, mwenye mizani hana makosa kwa bei: ni brasi kasoro kidogo.

Lakini angalia vile mambo yamegeuka. Mrashi wa fedha halisi uliyeyushwa kwa sababu ulikuwa na thamani. Buli la reli liliishi kwa sababu halikuwa nayo. Hakuna sonara angepoteza makaa kuliyeyusha. Feki ndiyo iliyotufikia.

Na feki hiyo imebeba kitu ambacho fedha safi ingekificha. Kila unapoing'arisha fedha unaondoa kiasi kidogo sana. Kwenye chombo kizito cha fedha tupu hutagundua. Kwenye EPNS, baada ya miaka na miaka, ngozi inaisha na madini ya chini yanachungulia. Haiishi sawasawa. Inaisha kwenye bega la buli, kwenye tumbo, kwenye ukingo wa mkono, pale ambapo kitambaa kilipita na kidole gumba kikakandamiza, asubuhi baada ya asubuhi. Wauzaji wa vitu vya kale huhesabu hiyo kuwa kasoro na hushusha bei. Mimi naona ni sahihi ya yule mtu wa pili. Hatukuandikiwa jina lake, lakini mahali fedha imeisha ndipo mkono wake ulipopita. Sijui hati nyingine ya kazi ile iliyo wazi namna hiyo.

Mizani haisomi hayo. Si lawama kwa wasee wa yadi. Wanalisha familia, na ni wao waliozuia sehemu ya taka za mji huu zisizikwe. Serikali yenyewe huwaangalia kwa jicho moja tu, la wizi. Januari 2022, baada ya milingoti ya umeme kuanguka na nchi kukaa gizani, biashara yote ya vyuma kuukuu ilipigwa marufuku kwa miezi kadhaa. Sheria ya 2015 inayoisimamia inataka leseni, na rekodi za nani ameuza nini. Ni sheria ya kulinda transfoma na reli. Ni sawa. Buli halimo.

Halimo pia kwenye sheria ya turathi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inasema kitu cha kale, kwa wanaohesabu miaka, ni kilichotengenezwa ama kuletwa Kenya kabla ya 1895. Fikiria hiyo tarehe. Nairobi ilizaliwa 1899. Hakuna kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mji huu kinachoweza kuitwa cha kale kwa kigezo hicho, hata tungoje miaka 500. Milango ya kuchongwa ilipewa nafasi yake, inalindwa ikiwa ni ya kabla ya 1946, na waziri anaweza kutangaza kitu kingine chochote kilindwe. Lakini lazima kwanza kuwe na mtu wa kumwambia kwamba kitu hicho kipo.

Hapo ndipo mkusanyaji anaingia, na lazima tuseme ukweli kumhusu, juu kukusanya hakujawa kazi safi siku zote. Aprili 1868 jeshi la Uingereza liliteka ngome ya Maqdala, Ethiopia, na Mfalme Tewodros akajiua. Wanajeshi walipora hazina yake, wakaibeba kwa tembo na nyumbu, kisha wakafanya mnada hapo hapo Ethiopia, uwandani. Miongoni mwa wanunuzi alikuwa mjumbe wa British Museum, aliyekuja na msafara kwa kazi hiyo. Zaidi ya miaka 150 baadaye, Juni 2021, seti ya vikombe vya pembe vilivyopambwa kwa fedha kutoka Maqdala ilikuwa iuzwe kwenye mnada wa mji mdogo wa Bridport, Uingereza. Ubalozi wa Ethiopia ukapinga, vikatolewa kwenye orodha, wakfu mmoja ukavinunua, na Septemba mwaka huo vikakabidhiwa kwa ubalozi huko London pamoja na taji, ngao na vitu vingine. Kwa hivyo aliyevipora na aliyevitunza kwa miaka hiyo yote walikuwa upande mmoja. Chungu kumeza, lakini ni hivyo: viliokoka kwa sababu mtu alivitaka vikiwa vikombe. Tofauti na sisi, alivitaka nyumbani kwake.

Sisi tumekuwa na mkusanyaji wa aina nyingine. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais 1966, alitumia maisha yake kununua vitu vya Afrika: vitabu kwa maelfu, nguo, mapambo, sanaa. Walio nje walitaka kuvinunua. Miaka ya 1970 aliviuzia serikali ya Kenya ili vibaki hapa, na sehemu kubwa iko ghorofa ya chini ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, hapo ambapo wasee hupangiana kukutana bila kuingia. Nyumba yake ya Muthaiga, ambayo pia aliiachia serikali akitumaini itakuwa kituo cha utafiti, ilibomolewa. Alikufa 1990 akiwa ameyaona yote mawili, yaliyookolewa na yaliyovunjwa.

Murumbi alikuwa na uwezo. Wengi wetu hatuna, na sisemi kijana wa Lucky Summer aanze kununua mabuli wakati hajalipa kodi. Mimi mwenyewe niliacha chuo juu ya karo, sina kabati la vioo. Lakini kukusanya kunaanza kabla ya pesa. Kunaanza na kugeuza kitu na kusoma kilichoandikwa chini. Simu yako ina kamera. Piga picha ya herufi, piga picha ya mahali palipokwisha, andika kilipatikana wapi na lini. Ukiona simba, mwambie mwenyewe, asipunjwe. Ukiona EAR&H, mpe msee wa yadi bei ya kilo kisha uongeze kidogo; hatakataa. Jumba la makumbusho la reli liko mwendo mfupi kutoka stesheni ya mjini tangu 1971, na haliwezi kuhifadhi kitu ambacho halijaambiwa.

Halafu kuna wazee. Treni ya usiku ya Mombasa iliendelea na meza zake za chakula hadi 2017, reli mpya ilipokuja. Wahudumu wa mabehewa yale si watu wa historia ya kale. Wengine wanaishi Eastlands, kwenye nyumba za reli na mitaa ya jirani, na mjukuu wao yuko kwenye simu saa hii. Ukikaa na mmoja wao, usiharakishe kumuuliza kama vile vyombo vilikuwa fedha kweli. Jibu la hilo tunalo. Muulize alivisugua na nini, saa ngapi alfajiri, na ni nani alikuwa anangoja chai. Kisha uandike jina lake.